Salehe, Umefungwa Fainali

Rafiki yangu Salehe,

Nianze na habari mbaya, maana nzuri ni nyingi na zitajaza karatasi. Umefungwa. Mbili kwa moja. Bao la pili lilikuwa la aibu: kipa wako alitoka golini kama mtu aliyesikia mkewe anamwita, na Dieudonné akausindikiza mpira wavuni polepole huku anaimba. Mimi ndiye niliyekushikia timu yako, kwa hiyo kama una neno juu ya mabeki, liweke mpaka tutakapoonana. Wewe mwenyewe ulituhubiria kila Jumamosi kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Basi kubali.

Unaona pia ninakuandikia kwa Kiswahili chako cha Kigoma, kilichopigwa pasi, si hiki chetu cha Kisangani ulichokuwa unakicheka hadi machozi. Ni heshima ya marehemu tu. Usizoee.

Wateja wapya wakiniuliza ni nani aliyekuwa akikaa chumba cha nyuma ya depo yangu, hili duka la chumvi na sabuni, ninawaambia: alikuwa fundi wa friji, Mtanzania, aliitwa kutengeneza vyumba vya baridi vya kampuni moja, akaja na sanduku moja akisema ni kazi ya wiki chache. Kisha vita vikafunga mto, vikafunga uwanja wa ndege, kampuni ikakimbia, fundi akabaki na bisibisi zake. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Kwetu mgeni alikuja, na mwenyeji akapata mtu wa kukalia mifuko yake ya chumvi.

Maana hayo ndiyo yalikuwa mapumziko yako. Wageni wengine waliokwama mjini walitafuta bia, au walikwenda kwenye maporomoko ya Wagenia kuwapiga picha wavuvi na mitego yao. Wewe ulikuwa unatembelea kazi za watu. Jumamosi, ukimaliza friji zako, unavaa shati jeupe, unashuka mtaani kama mkaguzi wa serikali. Kwanza kwa Dieudonné kinyozi, na hata nywele hukuwa nazo! Ulikaa kwenye benchi tu, ukatazama mashine inavyopanda kisogo cha mtu, ukatoa maoni ambayo hakuna aliyekuomba. Ukavuka barabara kwa tonton Assani, yaani mjomba, fundi wa toleka, zile baiskeli zinazobeba abiria kwenye kiti cha sponji, ukamtazama anavyonyoosha rimu kwa jicho moja. Ukala liboke, samaki wa kuchomwa ndani ya majani, kwa mama wa malewa, mkahawa wetu wa mtaani, ukimsumbua kwa maswali, kwa nini jani linakunjwa hivi na si vile. Mwisho ukaja kwangu. Siku moja nilichoka nikakuuliza, "Salehe, weye hauna kazi?" Ukanijibu, "Dada, hii ndiyo starehe yangu. Kazi ya mwenzio ni tamu kuitazama." Nilijifanya nimekasirika. Kumbe siku usipokuja nilikuwa ninaangalia mlango.

Starehe yako ya pili ilikuwa ile mashine ya michezo, uliyoinunua kwa rubani aliyekuwa akipunguza mizigo. Mtu mzima mwenye mvi kwenye ndevu, anacheza mpira kwa kidole gumba! Nilikuona mara ya kwanza, umepiga magoti mbele ya televisheni unamtukana refa asiyekuwepo, nikadhani malaria imekupanda kichwani. Baadaye ukanifundisha na mimi, wakati wa mchana duka likiwa tupu. Nilijifunza haraka. Sema kweli, nilijifunza haraka.

Halafu yale majeshi mawili ya nchi jirani, yaliyokuja hapa kama ndugu, yakaanza kupigana yenyewe kwa yenyewe katikati ya mji wetu. Unakumbuka tulivyolala sakafuni kwenye depo, mimi, wanangu na wewe, kati ya mifuko ya chumvi. Ukaanza kuwatangazia watoto mechi ya kubuni ili wasisikilize mabomu. Kila lilipoanguka moja ulipiga kelele, "Nje! Mpira umetoka nje!" Kavira wangu alicheka. Alicheka, Salehe, chini ya mabomu. Kwa hilo peke yake ningekupa chumba bure mpaka kiyama.

Tulipotoka, saluni ya Dieudonné ilikuwa imeporwa, viti, mashine, na kile kioo kikubwa alichokileta kwa ndege kutoka Butembo. Mtu mmoja akasema alikiona kioo kimefungwa juu ya baiskeli ya Assani. Assani akaapa kwamba baiskeli hiyo alinyang'anywa kwa bunduki, na aliyekuwa akiiendesha hakumjua. Mimi nilimwamini. Dieudonné hakumwamini. Watu waliokunywa chai pamoja tangu ujana wakaacha kusalimiana, na wanatazamana kutoka ng'ambo ya barabara kila siku ya Mungu. Mtaa mzima ukagawanyika nyuma yao. Nilikuwa nikimuuzia huyu sabuni, yule ananuna. Dieudonné aliniambia waziwazi, "Mama Kavira, siwezi ongea na ule mutu. Hata siku ya kufa." Mimi nililia, lakini sikujua la kufanya. Wewe ulijua.

Ukatangaza kombe kwenye mashine yako. Kila kazi ya mtaani itoe timu: kinyozi, fundi baiskeli, malewa, depo, wote. Na sheria moja: mechi haichezwi mpaka wenye timu wote wamekaa wanatazama. Sasa watu wana kazi zao, askari wana saa zao za kutufungia ndani, kwa hiyo mechi ilikuwa moja Jumamosi hii, nyingine Jumapili ile. Kombe likawa la wiki nyingi. Na hapo ndipo ulipotuambia, huku unajikuna upara, kwamba kadi ya mashine, ile inayohifadhi matokeo, uliipiga pasi. Ilikuwa mfukoni mwa shati jeupe, na wewe na pasi yako ya makaa hamkagui mifuko. Iliyeyuka mpaka ikashika kitambaa. Kwa hiyo mashine isizimwe hata mara moja mpaka fainali. Televisheni tutazima, mashine itabaki imewaka. Ikizimika, kombe limekwisha, tunaanza upya.

Na umeme wetu unaujua. Unakuja na kuondoka kama bwana mwenye wake wawili. Ndiyo maana ukaiweka mashine kwenye betri ya gari, pamoja na konvertisa, kile kisanduku kinachogeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani. Betri moja inatumika, nyingine inachajiwa popote umeme ulipo. Na kubadilisha kunataka watu wawili, kwa sababu betri mpya lazima ifungwe kabla ile ya zamani haijafunguliwa, waya nyekundu na nyekundu, nyeusi na nyeusi. Mmoja anashika, mwenzake anakaza. Kazi hiyo ukawapa Dieudonné na Assani. Niliposema Kavira na mdogo wake wanaweza kuifanya, ulinikanyaga mguu.

Mara za kwanza walikuwa wanasema kupitia kwako. "Mwambie ashike fil nyekundu." "Mwambie tayari." Wewe katikati unarudia kila neno kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Mpaka siku ile Assani alipokosea na cheche zikaruka, na Dieudonné akapiga kelele, "Ile nyeusi, tonton! Nyeusi!" Tonton, akamwita. Kama zamani, kabla ya kioo. Assani akahamisha waya, akasema chini chini, "Bon. Nimeona." Basi, hayo tu. Lakini wewe ulitoka nje ukajifanya unatafuta bisibisi, na mimi nilikuona ukijifuta macho kwa lile shati.

Ukaingia fainali dhidi ya Dieudonné. Halafu homa ikakukamata, ukaipuuza, ikapanda kichwani kweli safari hii, na dawa tuliyoipata haikutosha. Siku ya mwisho ulimwita Assani ukamwambia, "Usimwachie Dieudonné afunge waya peke yake, mikono yake ina mafuta ya nywele." Tulicheka karibu na kitanda chako. Sikujua kama hilo lingekuwa neno lako la mwisho kwetu. Inaniuma mpaka sasa, nakwambia ukweli, inaniuma.

Waislamu wa Maniema wanaoishi hapa walikuosha, wakakusalia, wakakuzika kama ndugu yao. Mimi Mkatoliki nilisimama pembeni na rozari yangu mfukoni, nikisali kimya kimya. Usinidai maelezo, nadhani Mungu anasikia kutoka pande zote. Jioni, matanga yakiwa yameanza na watu wamejaa mikekani, nikamwona Dieudonné anainuka. Muda huo huo Assani akainuka kwenye kona yake. Wakaingia chumbani kwako, nikasikia, "Shika." "Nimeshika." "Kaza." Wakarudi wakakaa. Sheikh akaniuliza kuna nini mle ndani. Nikamwambia kuna friji.

Ndugu zako tuliwapa habari kwa foni, ile redio ya wafanyabiashara. Ilichukua muda, lakini Rashidi, mdogo wako, alifika, kupitia Goma, kwa ndege ndogo iliyojaa mifuko ya maharagwe. Ana sura yako, ila yeye ana nywele. Alikuja kuchukua vitu vyako na kurudi na ndege ileile kabla haijapata sababu ya kutorudi. Hapo nikaogopa. Nilichoogopa si kombe, Salehe. Niliogopa kwamba mashine ikizimika, wale wawili hawatakuwa na sababu ya kushikiana waya, na kila mmoja atarudi ng'ambo yake ya barabara. Na wewe hukuwepo tena wa kubuni jambo jingine.

Nikamlisha Rashidi liboke kwanza, maana mtu hapewi ombi gumu na njaa. Kisha nikamweleza yote, kadi, pasi, betri, fainali. Alinawa mikono polepole. Akasema, "Dada, kaka yangu alikuwa na ndevu za mvi. Sisi nyumbani tulidhani amekuja Kongo kutafuta mali." Akaanza kucheka, akacheka mpaka akalia, akalia mpaka akacheka tena. Kisha akasema tucheze.

Mtaa wote ulikuja. Mama wa malewa alifunga masufuria. Wenye toleka waliegesha baiskeli mpaka mlangoni kwa jirani. Nikashika maneti yako, kile kidude chenye vitufe, bado kina alama ya kidole gumba chako. Assani alikaa nyuma yangu akinishangilia, na kwa namna ileile anamshangilia Dieudonné, nikamwambia achague. Nilifunga la kwanza! Nilidhani nitakuletea kombe kaburini. Kisha wakasawazisha, na la pili nimekwisha kukueleza. Filimbi ya mwisho ilipolia, Dieudonné alimkumbatia mtu wa kwanza aliyekuwa karibu naye, na huyo mtu alikuwa Assani. Walipogundua walichofanya, hawakujua wapeleke wapi mikono.

Mashine ikauliza kama tunataka kuhifadhi matokeo. Tukacheka wote. Kisha ikabidi izimwe, na hakuna aliyetaka. Rashidi alisema yeye hawezi. Wale wawili wakainama kwenye betri yao. Safari hii hakukuwa na betri mpya ya kufunga. Assani akashika, Dieudonné akalegeza, na ile taa ndogo ya kijani ikaondoka. Niliwatazama nikingoja kila mmoja ashike njia yake. Dieudonné akasema, "Sasa tutafanya nini na hii batteri?" Assani akasema, "Batteri iko muzima. Tutaikosea heshima tukiiacha ilale."

Basi hiyo ndiyo habari nzuri. Wamekodi kibanda karibu na saluni, wanachaji betri za watu, za redio na za taa, mpaka wateja wanaotoka mbali, barabara ya Bengamisa, wanawaachia zao. Kioo hakijarudi na sidhani kama kitarudi. Nao wanagombana, Salehe! Wanagombana tangu kibanda kinapofunguliwa: nani ameficha koleo, nani amemkopesha askari, mwavuli ukae upande gani. Jana Dieudonné alimwambia Assani kwamba hata baiskeli zinamwonea huruma, na Assani akamjibu kwamba yeye ananyoa watu kama anayefyeka shamba la muhogo. Wateja wanashangaa. Mimi napima chumvi huku ninacheka peke yangu, na Kavira ananiuliza kama niko sawa.

Niko sawa. Nakukosa, lakini niko sawa. Chumba chako nimekipangisha kwa mwanafunzi mmoja mpole asiyependa chochote. Nimekwisha kumwambia kwamba katika chumba hicho haiwezekani.

Pumzika sasa, rafiki yangu, kwa namna yoyote wanayopumzika huko, na kama kuna mtu huko anafanya kazi, mwache afanye bila maoni yako. Mimi ninakuahidi hili: siku nitakayokuwa kwenye kaunta nikasikia kimya kutoka kibanda kile, kimya kile cha baada ya mabomu, nitafunga depo hata kama ni siku ya soko. Nitabeba kiti changu, nitakaa katikati yao, na sitainuka mpaka mmoja amtukane mwenzake.

Dada yako,
Mama Kavira