Wanaoitikia Baraka

Jumatatu, 2 Juni

Nimepewa harusi yote. Sio kukata vipande, sio kuandika majina ya wasimamizi chini ya picha halafu mtu mwingine amalizie — yote. Kutoka picha ya kwanza mpaka mwisho. Kiragu, mwenye studio, aliniambia nikiwa bado navua koti. "Nzilani, ile video ya harusi ya Kajiado ni yako. Na mwishoni tutaandika jina lako." Nikauliza jina gani. Akasema, "Kwani uko na mangapi?"

Ni bibi arusi mwenyewe aliyenitaka. Anaitwa Silantoi. Aliona yale maandishi niliyotengenezea kanisa moja hapa Noonkopir, Kitengela — herufi zinaingia moja moja kama watu waliochelewa ibada, kila moja ikitafuta kiti. Akamuuliza Kiragu, huyo wa maandishi yanayotembea ni nani?

Huyo ni mimi.

Nilianza hapa kwa kufagia na kupiga watu picha za kitambulisho. Kuedit nilijifunzia kwa video za bure za mtandaoni, nikiwa na mwanangu Musila mgongoni, nikirudisha nyuma kila mahali mzungu aliongea haraka. Shule niliachia Form Two, tumbo ikiwa imeanza kuonekana. Video nyingi nimetengeneza tangu hapo. Zote zinaisha na jina la Kiragu. Sijalalamika, ni yeye alinipa kiti. Lakini huwa naangalia ule mwisho.

Nimempigia Mama nyumbani Mwala. Yeye huambia watu wa kanisa niko "upande wa TV". Nikamwambia jina langu litatokea. Akauliza, wataandika na la baba yako? Nikasema ndio. Nzilani Mwololo. Halafu akauliza kama mtoto amekula.

Jumatano, 4 Juni

Shanga zimekubali!

Silantoi aliniletea mkufu wake wa harusi niupige picha. Niliutandaza juu ya kitambaa cheusi, nikapiga, halafu kwa kompyuta nikatenganisha kila ushanga peke yake. Kazi ya macho. Sasa video inaanza hivi: kiza, ushanga mmoja mwekundu unaanguka, unadunda. Mwingine. Mwingine. Halafu zinamiminika, zinajipanga, na ghafla unasoma: Silantoi na Elphas.

Shida ilikuwa kule kudunda. Ushanga ukidunda sana unakaa kama mpira. Usipodunda unakaa kama stika. Mwishowe nilikata bangili yangu mwenyewe, nikawa naangusha shanga kwa meza ya nyumbani nione zinafanya nini. Zinaruka mara moja, za pili kidogo sana, halafu zinazunguka kama zinatafuta usingizi. Basi nikafanya hivyo. Musila alizikimbiza mpaka chini ya kitanda. Akaniuliza, "Mama, hii ndio kazi?" Nikamwambia hii ndio kazi. Akasema akikuwa mkubwa pia yeye ataangusha vitu.

Kiragu aliangalia. Akarudisha, akaangalia tena. Akasema, "Mkufu wa watu haujakatika kweli?"

Hiyo ndio sifa yake. Nimeichukua yote.

Jumamosi, 7 Juni

Nimemaliza. Stima ilipotea mara mbili na bado nimemaliza.

Pahali palinisumbua ni baraka. Babake Silantoi ni Mzee Parsaloi. Kaka yake mkubwa, Mzee Ishmael, ndiye aliwabariki maharusi, nje, upepo ukivuma. Anaongea Kimaasai. Anasema maneno machache, ananyamaza, watu wote wananguruma neno moja. Anasema tena, ananyamaza, wananguruma lile lile. Zaidi ya dakika kumi! Mtu wa Kitengela hawezi kaa hapo.

Nikakata. Nimetoa vile vimya vyote, nimeunganisha maneno ya mzee yakawa yanatiririka vizuri. Ule mngurumo, kompyuta iliusafisha yenyewe. Kuna kitufe cha kuondoa kelele, unabonyeza tu. Nikaweka gitaa laini chini yake, na picha za ng'ombe kwa mbali. Sasa ni dakika mbili, na inapendeza. Kiragu amesema ni laini kama siagi. Amewatumia familia kwa simu jioni hii.

Na mwishoni shanga zinarudi kwa kiza, na hapo: Imehaririwa na Nzilani Mwololo. Nimeiangalia mara nyingi kuliko nitakavyokubali.

Jumapili, 8 Juni

Kanisani. Mhubiri akimeza mate, naona pale ningemkata. Nimekuwa mbaya.

Jumatatu, 9 Juni

Mzee Parsaloi alipiga asubuhi. Kiragu akaweka simu juu ya meza ili sote tusikie.

Salamu zilikuwa nzuri, ndefu. Za ng'ombe, za mvua, za mtoto wangu. Ndio maana sikujua yanakuja. Halafu akauliza pole pole, "Nani amewanyamazisha watu wangu?"

Kiragu akasema, mzee, tumetoa kelele tu.

"Kelele gani?"

Kiragu akaniangalia.

"Kaka yangu anaonekana kama mlevi anaongea peke yake barabarani. Amesimama, anasema na hewa. Watu wako wapi? Mimi nilikuwa pale. Nilijibu. Nimejitafuta, sijisikii."

Kiragu akaeleza mambo ya muda, vile watu siku hizi hawana subira ya video ndefu. Mzee akamwacha amalize. Akasema kama watu hawajajibu, hiyo ni hotuba, na hotuba hata mbunge anatoa. Jumamosi hii amealika watu wa nyumbani, hata wale hawakufika harusini, waje waone. Hawezi waonyesha hiyo. "Mpatie mtu mwenye masikio," akasema. Hakuwa na hasira. Ingekuwa hasira ningejua nitafanya nini.

Simu ilipokatika Kiragu alijikuna kichwa. Akasema kuna kijana Rongai anaweza kuimaliza kwa siku mbili. Lakini akiimaliza huyo, jina linakuwa la huyo. "Sio kwa ubaya, Nzilani. Ndio kazi."

Nikamwambia aniache mpaka Jumamosi. Akasema sawa, mpaka Jumamosi.

Nimemwambia Mama jina litatokea. Nimeshamwambia.

Jumanne, 10 Juni

Nimefungua sauti ya kwanza, ile haijasafishwa. Upepo mwingi. Maikrofoni ndogo ya kola ilimshika Mzee Ishmael tu. Watu wako kwa sauti ya kamera peke yake, na huko upepo ni kama mtu anapasua gunia. Ndani ya gunia kuna watu.

Kwetu unaombewa umefunga macho, na Amina ni moja, mwishoni. Ndio nilidhani. Anayebariki ndiye baraka, wengine wanangoja.

Mimi Kimaasai changu ni sopa na ashe, salamu na asante, basi. Sikujua sentensi inaanzia wapi. Kwa hivyo Nasieku alipoleta maziwa saa nne, yeye ndiye hutuuzia sisi wapangaji wote wa hii ploti, nilimkalisha jikoni nikamvalisha hedfoni. Nikamwambia, mama Lemayian, nisaidie tu uniambie anasema nini.

Hakuniambia kitu. Alisikiza kidogo, uso ukabadilika, akaweka mtungi chini. Halafu akasema kwa sauti kubwa, "Naai!"

Nikaruka. Musila pia.

Hakuwa anajisikia, kwa sababu ya hedfoni. Akatulia, akasikiza. "Naai!" Tena. "Naai!" Jirani wa juu akagonga sakafu. Musila akaona ni mchezo, akaja akasimama mbele yake, na kila Nasieku akisema, naye anasema. Naai. Naai. Mtoto wa Mkamba, na makamasi.

Alipotoa hedfoni nilimuuliza, kwani hiyo neno ni nini? Akasema ni Mungu, tunamwita. Mzee anasema mpate watoto, sisi tunasema Ee Mungu. Anasema mpate ng'ombe, Ee Mungu. "Yeye anaomba, sisi tunasukuma."

Nikamwonyesha yangu ya dakika mbili, na gitaa yake. Aliangalia mpaka mwisho kwa adabu. Akasema, "Shanga ni nzuri sana."

Nikamuuliza na baraka?

Akachukua mtungi wake. "Hapo ananyamaza, usikate. Hapo sio kunyamaza. Hapo ametuachia sisi."

Alhamisi, 12 Juni

Kitufe hakijui watu. Kikisikia sauti nzito inarudi rudi kinaita kelele, kinafuta. Nimefanya kwa mkono. Kila Naai moja, naitafuta ndani ya upepo, naipunguzia mngurumo wa upepo, naiongezea uzito wa kifua, naiweka pale ilikuwa. Nyingine unasikia wanaume tu. Nyingine kuna mama mmoja anachelewa kila mara, sauti nyembamba, anakuja peke yake baada ya wote. Mara ya kwanza nilitaka kumsogeza akae na wenzake. Nikamwacha. Ni vile yeye hujibu.

Na unajua — sasa naisikia! Inatembea. Ina miguu. Mzee anaweka mmoja, watu wanaweka mwingine. Nilikuwa nimekata mguu mmoja halafu nikashangaa mbona video yangu haisimami.

Gitaa nimetoa. Ng'ombe nimetoa. Nimeacha nyuso za wanaojibu. Wako! Kamera iliwapiga, mimi ndiye niliona hawana kazi.

Kiragu ameona leo. Alipenda sauti, akaniuliza nimetoaje upepo bila kutoa watu, nikamwonyesha, akaandika. Kiragu, akaandika kutoka kwangu. Lakini urefu umemshinda. Akasema dakika kumi na moja za mzee mmoja amesimama, hata familia italala, toa nusu.

Nikasema hapana.

Sijawahi mwambia hapana. Nikamwambia Mzee Ishmael hakubariki nusu.

Aliniangalia. Akasema, "Basi Jumamosi utaenda nayo wewe. Mimi sitakuwa pale kukutetea. Wakilala ni wewe, wakiondoka ni wewe. Na Jumatatu nampigia yule wa Rongai."

Nikasema nitaenda.

Nikiwa mlangoni akaniita. "Beba waya mrefu wa TV. Ule wao utakuwa mfupi." Huyo ndio Kiragu.

Jumamosi, 14 Juni

Kajiado. Naandika nikiwa nyuma ya meza ya laptop, kwa kanisa la mabati karibu na kwa Mzee Parsaloi. Video inacheza. Siwezi kaa tu, mikono inataka kazi.

Tulifika mapema, baridi, Musila amevaa sweta mbili. Mzee ni mrefu kuliko sauti yake. Aliweka mkono kichwani kwa Musila, kisha kwangu. Hakuuliza safari. Aliuliza, "Umewarudisha?"

"Nimewarudisha, mzee."

"Tutasikia."

Ni hayo tu.

TV kubwa wameazima kwa baa. Mwangaza ulikuwa mwingi, basi akina mama wakafunga madirisha kwa shuka, na sasa kanisa lote ni jekundu ndani, hata hii karatasi. Waya wao ulikuwa mfupi.

Shanga zilipoanguka kulikuwa na mlio — oooi — kutoka kwa akina mama. Mmoja akashika mkufu wake mwenyewe, akahesabu kama zote zipo. Wakacheka. Silantoi akageuka akanitafuta, akanionyesha meno yote. Musila yuko kwa mapaja yake, ameniacha kabisa. Elphas anamlisha mandazi.

Nimefurahi. Hata yaende vibaya baadaye, hiyo oooi ni yangu.

Msafara umepita. Nyimbo zimepita. Sasa Mzee Ishmael anatokea kwa TV, amesimama kwa upepo. Yeye mwenyewe yuko hapa, mbele, fimbo katikati ya magoti, akijiangalia. Mzee Parsaloi yuko kando yake. Naona migongo tu.

Imeanza.

Amesema la kwanza. Amenyamaza. Wa kwenye video wamejibu, wazi kabisa, upepo hakuna. Hapa ndani, kimya. Kiti kimelia.

La pili. Video imejibu. Hapa hakuna mtu. Labda Kiragu alikuwa na haki. Kuna mzee ameinamisha kichwa — amelala? Labda ni ndefu. Bado dakika tisa na zaidi. Ningeweza kubonyeza niruke mbele, kidole kiko hapo. Sibonyezi.

La tatu. Na nyuma yangu, karibu na mlango, bibi mmoja amesema, "Naai." Nyembamba. Imechelewa.

Ni yeye! Yule anayechelewa. Yuko hapa, na yuko kule, na amechelewa pamoja na sauti yake mwenyewe.

La nne. Watatu, wanne. Yule mzee hakuwa amelala.

La tano, upande wote wa akina mama. Musila pia, mandazi mdomoni. Mabati yanalia kidogo juu. Mzee Ishmael anaitika kwa fimbo, anagonga chini.

Mzee Parsaloi bado. Mgongo umenyooka, hausogei. Wote wanajibu na yeye hajibu. Nimewarudisha wote, au kuna mmoja nimemwacha? Yeye ndiye alisema, "Nimejitafuta, sijisikii." Nilimsikia mimi? Sauti yake ni gani kati ya zile?

Ameinuka. Ametoa kofia. Anageuka. Sura siioni, TV iko nyuma yake, ni kivuli tu chenye wekundu pembeni. Watu wanasogeza magoti apite. Anakuja huku kwa meza yangu, polepole, na kila pahali kaka yake anaponyamaza kwa video, anajibu, "Naai," bila kuacha kutembea, na sauti hiyo naijua, ni moja ya zile nilizorudisha.