Mjukuu wangu kazaliwa, simu yangu nilikuwa nimeizima

Jumatano jioni. Mvua imetunyeshea kutwa, sasa imekatika, lakini baridi ya Sumbawanga ikishaingia kwenye miguu haitoki. Nimejifunga vitenge viwili na juu nimevaa sweta la mume wangu, Baba Sesi, mwenyewe yuko Kaoze shambani. Nina furaha sana leo. Na nina wivu. Nikipima, wivu umezidi.

Shule niliishia la nne, kwa hiyo hapa naongea tu, simu yenyewe inaandika. Ukurasa huu binti yangu Sesi ndiye alinifungulia, akasema mama maneno yako ni mengi, yamwage huku watu wapumue.

Basi leo namwaga. Mimi ni bibi!

Sesi, aliyeolewa kule Kipili ziwani, kajifungua usiku wa kuamkia leo. Mtoto wa kike. Mama mzima, mtoto mzima, Mungu ashukuriwe. Tulimtegemea wiki mbili mbele, kumbe mwenyewe kaona huko ndani pamebana.

Sasa sikilizeni. Mimi mtaa huu wa Chanji wananijua. Nani kanunua kochi, nani kagombana na wifi yake, posa ya nani imekataliwa, mimi ninayo kabla uji haujachemka. Hii habari ya mjukuu wangu mwenyewe ilitakiwa itoke kwenye mdomo huu, nyumba kwa nyumba, na vigelegele vyake.

Nimeambiwa bombani.

Tena na Mama Gaude!

Mama Gaude ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Asubuhi nimefika na ndoo yangu, kuniona tu kapiga kigelegele mpaka wanawake wote wakageuka. "Hongera bibi kizee! Leo ndio mwisho wa kujipaka wanja!" Lakini mimi nikubali kwamba sijui? Nikacheka, nikasema asanteni jamani, ndio nilikuwa nakuja kuwaambia.

Uongo mtupu.

Na yule mwanamke, sijui ni kwa wema au kwa uchokozi, akaniuliza mbele ya watu: "Sesi kakwambia ana kilo ngapi?"

"Tatu."

"Mbona mimi kaniambia tatu na nusu?"

Mmoja akakohoa. Nikasema, "Hiyo nusu ni vitenge walivyomviringishia." Wakacheka, nikajitwisha ndoo haijajaa hata robo tatu, nikaondoka.

Nyumbani nikawasha simu. Ndiyo, nikawasha, kwa sababu ilikuwa imezimwa. Ikaanza kuingiza meseji moja juu ya nyingine, zile za kusema ulipigiwa na namba fulani ukawa hupatikani. Namba ya Sesi. Namba ya Sesi. Tena ya Sesi. Nikakaa pale kizingitini na simu mapajani kama mtu aliyeshika yai.

Mimi simu naizima kila siku nikimaliza rozari ya usiku. Ukiniuliza kwa nini, nitakwambia radi. Huku kwetu radi haina mchezo, ikianza kunguruma utasikia kila nyumba, zima tivii, zima redio, zima simu! Tumekua hivyo. Na tena nilikuwa nasema simu nayo inachoka. Ng'ombe wa kulimia jioni si unamfungua? Basi na simu uifungue ipumzike.

Mchana Mama Gaude kaja kwangu na unga wa ulezi kwenye kisado, wa kumpelekea mzazi. Akanisimulia yote. Uchungu umemshika Sesi peke yake, mume yuko ziwani kwenye dagaa, mama mkwe kasafiri. Kanipigia mimi. Hola. Kanipigia tena. Hola. Ndipo akampigia yeye. Mama Gaude kamwambia agonge kwa jirani, wakatoka wawili kwenda kituo cha afya, na huku simu iko sikioni njia nzima. Kamwambia pumua hivi, simama kidogo, haya twende. Wamesali Salamu Maria mpaka nesi akafungua mlango.

"Alikuwa analia anaita mama, mama," akaniambia. "Nikawa naitika mimi."

Akaitika yeye.

Mdomo wangu ulisema asante sana jirani, Mungu akuzidishie. Moyo wangu ulikuwa unaliangalia lile sikio lake la kulia lenye hereni ya shaba. Lile sikio ndilo lililosikia. Hata unga wake nilitamani kumrudishia, niseme mwanangu hali ulezi wa watu. Ulezi mzuri pia, mwekundu, umesagwa laini! Hilo nalo likaniuma.

Halafu akaongeza kidogo tu, kama mtu anayepangusa meza: "Usijali, tumeshazoeana na Sesi, huwa tunaongea sana usiku."

Huwa!

Alipoondoka sikupika. Nilivaa viatu vya mvua nikaenda kwa fundi simu pale barabarani. Kijana mwenye adabu, akaniamkia shikamoo, akanipa stuli. Nikamuuliza, fundi, simu usiku inatakiwa kuzimwa au kulazwa?

Akacheka. "Mama, simu sio ng'ombe, haichoki. Ukibonyeza hapa pembeni mara moja kioo kikawa cheusi, imelala tu. Akipiga mtu inaamka. Ukiizima kabisa, hata akupigie Papa, haisikii. Zima mara moja kwa wiki, uiwashe hapo hapo, inatosha."

"Na radi?"

"Radi inapita kwenye waya za umeme. Mvua ikija chomoa chaji ukutani. Simu yenyewe iache. Kwani nani alikwambia uzime?"

Hapo nikainuka kwenye stuli, nikamuaga.

Maana nilijua nani aliniambia. Ni mimi mwenyewe, na haikuwa radi. Wala haikuwa kuchoka kwa simu. Hata kiangazi, mbingu nyeupe haina wingu, nilikuwa nazima.

Sijawahi kumwambia mtu hili.

Sesi alipoolewa, miezi ile ya kwanza, alikuwa ananipigia usiku analia. Ziwa linapiga kelele, mama, silali. Mume hayupo, mama. Watu wa huku siwajui. Nikawa namwambia vumilia, ndoa ndivyo ilivyo, na nikikata simu mimi ndiye silali, naangalia bati mpaka jogoo. Nikaona kama ni hivi nitaugua. Siku moja nikaizima. Nililala vizuri, Mungu ananiona, nililala kama mtoto. Kesho yake nikazima tena. Baada ya muda Sesi akaacha kulia, na mimi nikajisifu hapa mtaani kwamba binti yangu kakomaa.

Kumbe hakuacha. Alihamia kwa Mama Gaude.

Kwa hiyo nimwonee wivu nani sasa? Mlango niliufunga mimi. Lakini wivu hauangalii hayo, upo tu, umekaa hapa kifuani umekunja nne.

Saa kumi ndipo nikapata ujasiri wa kumpigia Sesi. Sauti imechoka, nzuri. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hongera. Nisamehe, simu yangu..."

"Usijali mama, wewe huwa unazima. Nimezoea."

Angenitukana ningepata nafuu. Nikamwambia kuanzia leo sizimi tena, hata ingurume vipi. Akasema, "Haya mama," ile haya unayompa mtoto anayekuahidi kwamba leo hakojoi kitandani. Nikasikia kile kichanga kinalia kwa nyuma, akasema ngoja ninyonyeshe, akakata.

Keshokutwa napanda gari la Kipili, unga wa Mama Gaude nitaubeba. Nitasema umetoka kwake. Nadhani nitasema.

Kwa leo chaji nimeichomoa ukutani, simu nimeilaza tu haijazimwa, sauti nimeipandisha mpaka mwisho, nimeiweka juu ya mto upande wa Baba Sesi. Siombi mwanangu apate shida, hapana. Naomba tu mtoto amsumbue kidogo, kidogo tu, akose usingizi, atafute mtu wa kuongea naye. Na huyu wa ukuta wa pili, Mungu nisamehe, betri imuishie.