Mchuzi wa Mama

Gesima, Jumapili, 1997. Mvua tangu asubuhi. Chai imekomaa shambani na sina hata hamu ya kuitazama.

Nimechoka, nimekasirika, na sijui nimkasirikie nani.

Mama ana saratani ya ini. Kaka yangu Nyakundi, mwalimu wa bayolojia, alisoma mahali kwamba kila chembe ya mwili imebeba amri: ikiharibika, ijiue. Chembe za saratani haziitii. Hujirundikia mafuta yaitwayo kolesteroli, yakakaza kuta za ndani ambamo amri hiyo hupitia, basi zikaendelea kuishi na kuzaana. Alitueleza vizuri, kama yuko darasani. Kisha akapiga marufuku mayai, maziwa, kuku, hata mafuta ya kupikia. Sote tulimtii, maana angalau tulipata la kufanya. Mama akawa anakula ugali wa wimbi na chinsaga iliyochemshwa kwa maji matupu, mboga chungu ile ambayo kwetu haipikwi bila maziwa. Hakulalamika.

Ijumaa nilimpeleka Kisii mjini. Daktari alimtazama mikono ilivyokonda, akauliza anakula nini. Nikamweleza kila kitu, tena kwa kujivuna.

"Dada, chembe hizo hujitengenezea kolesteroli zenyewe," akasema. "Mlichodhani mnazinyima, mmemnyima mama."

Tulifika nyumbani jua limeshazama na Sabato imeingia. Nilitaka kuchinja kuku papo hapo. Mama akakataa katakata.

"Mwanangu, kuku amenisubiri muda wote huu. Atashindwa kusubiri Sabato iishe?" Akacheka. Mimi sikuweza.

Leo nimemchinja. Nimepika mchuzi mzito, mafuta yakielea juu, kama anavyoupenda. Nyakundi mwenyewe alimwinua mama, akamshikia kikombe. Mama ameonja, koo likakataa. Amejaribu tena, likakataa.

"Wape watoto," akasema. "Harufu imenitosha."

Watoto wamekula wakafurahi. Nyakundi yuko nje mvuani, anajifanya anatengeneza banda la ng'ombe. Nimemwita aingie, anazidi kugonga misumari.

Daktari hakusema chakula kingemponya. Ini litamuua tu, hilo nalijua, na hakuna mtu hapa Gesima wala Kisii anayeweza kuziamrisha chembe hizo zife.

Lakini angekufa ameshiba.

Nimeufunika mchuzi uliobaki. Namwekea nani?