Komisheni ya Shemeji Ombui

Aketch, uko? Chai yangu imepoa hapa, wacha nikuambie ya anti Kerubo, yule wa Kebirigo.

Unajua binti yake Sabina ameitwa chuo kikuu cha serikali. Basi shemeji yake Ombui, ambaye tangu tumzike kaka yake hajawahi kumnunulia huyo mtoto hata kalamu, akaanza kuja kila Sabato baada ya kanisa. "Huko kwa serikali ni migomo tu. Mpeleke chuo cha binafsi hapa Kisii, nitasaidia karo ya kwanza."

Kerubo akakosa usingizi. Huruma hii imetoka wapi? Lakini akakubali waende waone.

Leo wamefika, Ombui akabaki nje na simu. Dada wa mapokezi akamwangalia Sabina, akatabasamu. "Huyu ndiye wa Bwana Ombui? Mwaka huu komisheni yake itakuwa nono."

Komisheni, Aketch. Alisema hivyo, mbele ya mtoto.

Kerubo hakupiga kelele. Ombui alipoingia, alimuuliza polepole, "Shemeji, Evans wako anasoma wapi?"

"Cha serikali."

"Na migomo?"

Ombui akaanza kutafuta kitu mfukoni. Kerubo akamshika Sabina mkono, wakatoka.

Wamepitia kwangu hapa Kiogoro. Nikawaambia nitawasaidia kuomba mkopo wa serikali. Kerubo akaweka kikombe chini, akaniuliza:

"Na wewe, Purity, huko kwa mkopo unapewa ngapi?"