Kasiksi Niliyokunywa Kwenye Kiti cha Muamuzi

Walikale, kwa Tribinali

Kwako dada yangu mukubwa, Mama Veronika, kule Karuba,

Jambo dada, na jambo tena, na jambo ya tatu ni ya magoti yako yenye kuumwa na baridi. Yako namna gani? Maharagi ya chini ya kilima yamekomaa, ao mvua imeyaozesha? Ile ng'ombe ya mume wako yenye pembe moja ingali inapiga watu? Mimi mwili uko, kichwa kiko, shukrani kwa Yezu. Moyo njo hauko mahali pake. Nitakuambia kwa nini, lakini polepole.

Felisita mutoto wangu, wewe mwenye kumusomea mama yako, simama hapa kidogo umuambie hivi: muke wangu Marta aliyewaletea barua hii hakuja peke yake. Yule mama kijana mwenye mukono wa kufungwa, na mutoto mugongoni, jina lake Furaha. Muwape bugali ya moto na maziwa, na mahali karibu na moto, kwa sababu watu wa huku hawajui baridi ya kwetu. Majirani wakiuliza, ni mudogo wake Marta. Akinyamaza, musimuulize kitu. Kisha urudi kwa barua, na usiruke neno hata moja, hata lile lenye kunihaibisha mujomba wako.

Sasa dada, unajua mimi ni nani huku. Tangu mutoni paka Buleusa hakuna mukono wenye kuandika kama huu wangu. Waamuzi wanasema maneno kama mvua, mimi nayashika yote mbele hayajagusa chini. Siku moja niliandika mbio hata karatasi ikatoa moshi, polisi akakimbia kuleta maji. Na katika safari ya Buleusa nilivuka mto juu ya gogo. Nilipofika katikati gogo likafungua macho. Nikamuambia yule nyoka: "Mimi ni karani wa Tribinali, tulia." Akatulia paka nikafika ng'ambo, tena akanyoosha mukia nisilowe viatu. Watoto wasicheke, ni kweli.

Nyoka yule sikumuogopa. Sasa naogopa muntu.

Kazi ya karani ni kazi nzuri, dada, kwa sababu neno si lako. Muamuzi anasema, wewe unaandika. Muntu akikasirika, anamukasirikia muamuzi. Wewe unapangusa kalamu, unakwenda kula. Hivyo nilikula kwa amani miaka mingi. Lakini Muzee wetu muamuzi amevimba miguu, hatoki tena nyumbani, na wale wengine wanakaa mbali ndani ya pori, hawakutani kila wakati. Na mambo ya ndoa hayangoji miguu ipone. Bwana Mukubwa wa Teritware, yule wa Serikali, alipopita alikuta akina mama na watoto wamejaa baraza, wamelala pale pale na masufuria yao. Akaniita. Akasema: "Karani, mambo madogo ya jamaa utakata wewe. Mama na mutoto walale wapi paka waamuzi wakutane, nani amulishe mutoto, na wenye kutaka kupatana uwapatanishe. Mambo makubwa yatangojea waamuzi. Unaweza?"

Nilijibu mbele hajafunga kinywa.

Dada, ungeniona! Marta alinifulia kapitula, akaipiga pasi hata ikaweza kusimama yenyewe. Nikakaa kwenye kiti cha Muzee. Marta akaniuliza: "Papa Emanueli, kiti kile hakikuogopeshi?" Nikamuambia: "Kiti njo kinaniogopa mimi." Na kweli nilifanya kazi. Nilipatanisha mume na muke waliochukiana hata sufuria walipika mbali mbali. Walirudi kwao wakishikana mikono. Watu wakaanza kuniita Papa Juji. Jina lile lilikuwa tamu kuliko maziwa.

Kisha Furaha akaja.

Alikuja na mvua. Alikaa chini ya baraza. Mukono mumoja ulikuwa umevunjika, unaninginia kama tawi, na kwa ule mwingine alikuwa anamunyonyesha mutoto. Nilimuuliza nani alimufanya vile. Akasema: "Mume wangu."

"Mume wako ni nani?"

"Kapita wa barabara."

Hapo nikajua. Kapita yule dada, musimamizi wa watu wenye kulima barabara, ni muntu wa kutembea na fimbo hata akienda kwenye misa. Watu wake wa barabara wakisikia kikohozi chake wanaanza kulima hata mahali palipokwisha limwa. Lakini mimi nilikuwa juu ya kiti. Nikasema kwa sauti kubwa, watu wote wasikie, na nikaandika: mama huyu na mutoto wake watalala nyumbani kwa karani, pamoja na bibi ya karani, paka waamuzi wakutane. Watu wakapiga mikono. Furaha hakupiga. Aliniangalia tu, kama muntu mwenye kuangalia daraja la miti akijiuliza kama litamubeba.

Alikaa kwetu. Marta alimufunga mukono kwa vipande vya miti na kitambaa. Mutoto akaanza kucheka. Nami nilianza kusema kwa watu kwamba kapita ananiogopa, ndiyo maana haonekani.

Akaonekana. Siku ya soko, jua likiwa juu, mbele ya watu wote. Hakuja na fimbo. Alikuja na kibuyu kikubwa cha kasiksi, pombe ya ndizi, na ndugu zake nyuma, wote wamevaa vizuri. Akavua kofia. Akainama, yule ambaye hamuinamii muntu. Akasema: "Papa Juji, watu wanasema hakuna mwenye akili kama wewe katika inchi hii. Mimi ni mukosefu. Nimeleta kitu kidogo cha kukupoza koo, maana kazi ya maneno inakausha."

Dada, wewe unanijua. Muntu wa Karuba akiletewa kasiksi mbele ya watu, akatae? Umuachie mugeni kibuyu mukononi, aonekane kama amekuja na sumu? Yeye alionja kwanza, kama inavyofaa. Kisha akanipa. Nikakunywa. Ilikuwa nzuri, tamu na kali, na nikakunywa tena kwa kumuonyesha kwamba sina woga.

Watu wakageuka kutuangalia. Hata wauza muhogo wakaacha kuita. Kapita akavaa kofia yake, akapangusa midomo, akasema polepole:

"Asante, papa mukwe."

Unaelewa, dada? Ni desturi yetu pia, sikuijua leo. Muke akimukimbia mume akaenda kwa baba yake, mume anakuja na pombe. Baba akikunywa, maneno yamekwisha, muke afunge mizigo yake. Asipokunywa, maneno yangali. Sote tulilelewa ndani ya desturi hiyo. Baba yetu alikataa kibuyu cha mume wako wa kwanza, unakumbuka, akakimwaga mulangoni. Lakini mimi nilikuwa kwenye kiti. Nilijiona ni Serikali, na Serikali haina binti. Nikasahau kwamba tangu nilipomulaza Furaha nyumbani mwangu, kwa macho ya watu wote nilikuwa baba yake.

Ndugu zake kapita wakaelekea nyumbani kwangu, bila haraka, kama watu wenye kwenda kuchukua kitu chao. Nikawakimbilia. Furaha alikuwa amesimama kwenye mulango wa jikoni na Marta. Alikuwa ameona yote. Hakuniita Papa Juji. Alisema: "Papa, umenikunywa."

Neno lile lingali ndani ya masikio yangu ninapoandika.

Marta njo aliyetuokoa saa ile. Alisimama katikati ya mulango na muchi wa kutwangia mukononi, akawaambia: "Mama huyu hajamaliza dawa. Mwenye kumutaka apite juu yangu, na mukasimulie kwenu kwamba mulipigana na mwanamuke juu ya mulango wa jiko." Watu wa soko wakacheka. Ndugu zake wakamuangalia kapita. Kapita akasema: "Amalize dawa. Tutakaa." Wakakaa, ng'ambo ya barabara, mbele ya nyumba yangu, chini ya migomba. Tangu siku ile wanakaa pale, wanapokezana, wanatafuna miwa na kutema maganda upande wetu. Hawatukani. Wangetukana ningelala vizuri.

Nilikwenda kwa Muzee. Nilimukuta amelala, miguu yake juu ya kiti kidogo. Nikamuambia: "Muzee, kata neno hili wewe, mimi nirudi kwa kalamu yangu."

Akasema: "Lile la mama alale wapi lilikuwa lako. Ulipewa, ukalipokea na meno yote inje. Sasa unanirudishia kama chungu kilichopasuka?"

"Ni pombe tu, Muzee."

"Pombe tu? Kile kitu Bwana Mukubwa alichokupa kiko kwenye karatasi. Kasiksi iko ndani ya tumbo. Watu wa huku wataheshimu kipi?"

Nikamuuliza kama hakuna njia. Akafunga macho, nikafikiri amelala. Kisha akasema njia iko. Aliyekunywa anaweza kurudisha. Apike kasiksi ileile, ajaze kibuyu kilekile, akibebe kwa kichwa chake mwenyewe, asisaidiwe na muntu, apite nacho mbele ya watu paka kwa mume, akimwage mulangoni pake. Hapo ni kama hakukunywa, na maneno yanarudi kwa waamuzi. "Lakini," Muzee akasema, "mwenye kumwaga pombe kwa mulango wa muntu, ndugu za muntu yule wakimupiga, hakuna tribinali yenye kuwauliza."

"Uliona muntu aliyefanya hivyo?"

"Nilimuona."

"Alirudi?"

"Alirudishwa," Muzee akasema, akageukia ukuta.

Nilitoka pale nikihesabu ndugu za kapita. Na sasa, dada, nilitumia ile akili ambayo watu wanaisifu. Neno la mama alale wapi lilikuwa lingali langu, hakuna aliyeninyang'anya. Nikakaa tena kwenye kiti, mbele ya watu, nikasema: Furaha atalala kwa hospitali ya Kirotshe paka mufupa wake ushikane, na mutoto wake pamoja naye, kwa sababu anamunyonyesha. Nikaandika, nikapiga muhuri. Kamyo yenye kubeba wagonjwa ilikuwa inaondoka. Marta akapanda naye. Ndugu za kapita walisimama, lakini ndani ya kamyo mulikuwa na mugonjwa wa kapita mwenyewe, mama yake muzazi mwenye kuumwa jicho, hawakuweza kuisimamisha. Ile sikuipanga, dada. Nikimusimulia muntu nitasema niliipanga, lakini wewe nakuambia kweli: ilikuwa Mungu.

Barua hii shoferi wa kamyo atamupa Marta kule Kirotshe, basi ukiisikia, wametoka kule kwa siri, wamefika kwako. Mimi nimebaki. Kapita alinijia, akasema: "Papa mukwe, mufupa unashikana. Ukishashikana?" Nikamuambia, na sauti yangu sikuijua ilitoka wapi: "Pombe nilikunywa mimi, haikukunywa Tribinali. Nitairudisha mimi, siku ya soko." Alicheka, akanipiga begani kama rafiki. Akasema: "Kuja. Tutakungojea wote."

Siku ya soko ni kesho kutwa. Kasiksi nimeipika mwenyewe. Marta alinionyesha namna ya kuipika mbele ya kuondoka, na hata hivyo mikono yangu ilimwaga nusu. Kibuyu kiko mulangoni. Nimejaribu kukibeba ndani ya nyumba, shingo inauma, na mara mbili nimekiweka chini nikaenda kuchungulia barabara. Wangali wanakaa. Leo wako wengi kuliko jana. Nimewaza kukimbia, kupita njia ya pori, na najua kwamba karani mwingine mwenye kalamu safi ataandika neno juu ya karatasi nyingine, na Furaha atarudishwa kwa mukono mumoja. Kwa hiyo sikimbii. Lakini naogopa dada, usiwaambie watu kwamba siogopi. Naogopa hata maganda ya miwa.

Musalimie mume wako, mwenye ng'ombe, nimemusamehe yale maneno ya mbuzi. Musalimie ndugu yetu Gaspari, katekista, anitaje kwenye misa, hata polepole tu. Musalimie mama mubatizi wangu, yule muzee wa Mushaki, mumuambie jina alilonipa bado nalivaa. Marta mumulaze vizuri. Analia usiku akisema ni moshi. Wewe Felisita, umesoma vizuri mutoto wangu, mujomba anajua.

Na neno la mwisho, dada, ulishike kuliko yote. Furaha analala nyumbani mwako sasa, kwa macho ya watu yeye ni binti yako. Muntu akija Karuba na kibuyu, hata akiinama, hata akivua kofia, hata akisema nimemutuma mimi, hata ukiniona mimi mwenyewe ninatembea mbele yake na kusema kunywa dada, usikunywe.

Ndugu yako mwenye kukupenda, mwenye kuandika kwa mukono wake mwenyewe,

Emanueli, karani