Michubuko ya Shemeji Yako

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba mama amepata nafuu ya mgongo. Sisi hatujambo, ila nina jambo la kuungama.

Nilikulalamikia kwamba shemeji yako amebadilika. Kila nikiamka, upande wake wa kitanda umeshapoa. Nikimuuliza, anasema joto. Joto gani hilo, na sisi tunajifunika blanketi? Nikaanza kunusa mashati yake na kupekua mifuko. Sikupata kitu, na hapo ndipo shaka ikazidi.

Wiki iliyopita nilifunika cherehani mchana, nikamwendea karakanani bila taarifa, maneno yamenijaa mdomoni. Nikamkuta kalala nyuma ya mbao, suruali kaikunja, miundi imejaa michubuko. Seremala mwenzake akaniambia kwamba juzi alisinzia kazini, ikabaki kidogo msumeno umkate vidole. Nikamwamsha, nikamuuliza ni nani anayempiga huko anakokwenda. Akasema, "Ni wewe, mke wangu."

Nikaona huo ni uongo mpya. Hata aliponionyesha video kwenye simu, mimi nimelala fofofo na miguu inarusha mateke, inatulia, inarusha tena, nilidhani kaitengeneza. Nilikubali kwenda kwa daktari ili nimuumbue tu.

Daktari akaniuliza kama jioni nikikaa nahisi vitu vinatambaa ndani ya miguu mpaka niitikise. Dada, nilikiri. Nimehisi hivyo miaka, nikidhani ni uchovu wa cherehani. Akasema ni ugonjwa, si ukorofi, na ndio unaofanya niamke nimechoka. Damu ilipopimwa, madini ya chuma yalikuwa yamepungua, nikapewa dawa. Kumbe mwenzangu alikuwa anahamia kwenye kochi, akanificha nisije nikaogopa kulala.

Sasa lililo zito. Aliyemwambia mama kwamba shemeji yako ana mwanamke mwingine ni mimi. Ni kwa maneno yangu wajomba wamemwita kikaoni Jumamosi. Mume wangu anamshuku jirani yetu kuwa ndiye aliyemchongea, hata salamu hampi tena. Shati la kikao ameshalinyoosha, na ameniapia kwamba hataitaja miguu yangu mbele ya wajomba, hata wakimfukuza.

Nimempa dereva wa basi barua hii ikufikie kesho. Wasomee mama na wajomba yote, na habari za miguu usiziruke. Shemeji yako nitamwambia mwenyewe leo, akitoka kazini.

Nisalimie mama, kama atazipokea salamu zangu.

Mdogo wako mkosaji,
Fundi cherehani