Kiti cha Mama Katika Chumba cha Habari

Mwaka mmoja umetimia leo, mjukuu wetu, tangu kombora liangukie foleni ya mkate uliyokwenda kuitolea habari. Safari ile haikuwa zamu yako. Mwenzako aliugua, ukachukua mkoba wake bila kuulizwa mara mbili. Ndivyo ulivyokuwa tangu utotoni.

Kazi yako hasa haikuwa ya kuonekana. Ulikaa katika chumba kisicho na dirisha, ukipokea picha za vita kabla hazijafika sebuleni mwa watu. Wewe na wenzako mliamua ipi irushwe, ipi ifunikwe sura, ipi isitoke kamwe. Walikubandika jina la Ngojakwanza, kwa kuwa hukukubali kukimbizwa na saa.

Kila picha ya maiti uliitazama mara tatu. Ya kwanza bila sauti. Ya pili ulifumba macho, ukasikiliza sauti peke yake. Ya tatu ulihama, ukakaa katika kiti kitupu kando ya skrini, ulichokiita kiti cha mama, na kujiuliza: aliyemzaa huyu ameshapata habari? Ukiridhika, uligonga meza kwa pete yako, mara moja. Usiporidhika ulinyamaza, na sura ile haikutoka.

Mimi babu yako nilikupinga. Nilifundisha hesabu miaka thelathini na minane, sikuzoea kubishiwa.

“Maiti husitiriwa,” nilikwambia. “Hatundikwi kama nguo dukani.”

“Sawa, mume wangu mkongwe,” ulinijibu huku ukinimiminia chai. “Lakini ukifunika kila kitu, na muuaji naye umempa shuka.”

Bibi yako alicheka hadi akapaliwa. “Leo mwalimu kapata mwalimu wake!”

Mimi sikucheka. Leo nakiri kwamba ulinishinda.

Siku ya nne baada ya mazishi, mhariri mkuu wenu alipiga simu. Mkanda wa mpigapicha wako ulikuwa umefika. Jeshi lilikuwa limetangaza kwamba mahali pale hapakuwa na raia hata mmoja. Mkanda ulionyesha foleni nzima, wazee kwa watoto, nawe miongoni mwao.

“Hatuurushi bila idhini yenu, Mzee,” alisema.

Mama yako alinishika mkono. “Nenda wewe, Baba. Mimi nikiona, sitaacha kuona.”

Waliniketisha katika kiti cha mama. Ilikuwa saa nne asubuhi, taa zote zikiwaka, wahariri wamejipanga ukutani kama wanafunzi waliochelewa. Niliwaamuru tufuate utaratibu wako.

Mara ya kwanza, bila sauti, nilikuona umelala ubavu kando ya mikate iliyotawanyika. Mikono yako yote miwili ilikuwa imetulia, pete kidoleni.

Mara ya pili nilifumba macho. Nilisikia kokoto zikiporomoka, mtu akimwita mtu, kisha kimya. Ndani ya kimya kile, pete iligonga mbao. Mara moja.

“Nani amegonga?” niliuliza.

“Hakuna aliyegonga, Mzee,” alisema mhariri mkuu.

“Hata mimi nimesikia,” fundi wa sauti alinong’ona. “Lakini mashine haionyeshi kitu. Mstari wa sauti umelala tu.”

Waliurudisha mkanda mara mbili. Kimya kilikuwa kimya. Mimi si mtu wa mizimu; naandika nilichosikia, na fundi yule ni shahidi wangu.

Mara ya tatu nilifumbua macho, nikajiuliza swali lako. Mama za wale wengine walikuwa hawajajua. Mama yako alikuwa ameshajua.

“Zifunikeni sura zao zote,” nilisema. “Ya mjukuu wangu iacheni.”

Mkanda ulirushwa saa saba mchana. Niliutazama nimesimama wima. Kesho yake, waliokana hawakukana tena.

Kila nikipita ofisini kwenu, mama anayefagia hunikamata mlangoni. “Babu, kile kiti nakisukuma chini ya meza kila jioni. Asubuhi nakikuta kimegeukia skrini. Mwambie mjukuu wako aniachie kazi yangu!”

Nilimwambia angoje kwanza. Mtu aliye kazini hainuliwi kitini.

Tunaokukumbuka ni mama yako, ambaye mkanda ule hajautazama hadi leo. Bibi yako, ambaye bado anaweka kikombe chako mezani. Kaka yako, anayevaa saa yako na hataki irekebishwe ijapokuwa inachelewa. Wenzako wa chumba kile. Na mimi, mume wako mkongwe, niliyejifanya silisikii jina hilo ulipokuwa hai.

Sura yako hatukuifunika siku ile. Wala hatutaifunika mioyoni mwetu, daima.